Jiko Yenye Kuuma

Tangu ile jiko ya umeme iingie ku nyumba yetu, miye sikukaa tena chini. Usinicheke. Mutu atakaa chini namna gani, na jikoni kuko kitu inangoja mukono yake ipate kuuma?

Ilikuwa mwaka wa cinquante-huit, hamsini na nane. Bwana yangu Adalbert alikuwa mukarani ku byuro moja ya kahawa, kule chini karibu na ziwa, na kichwa yake yote ilikuwa ku kitu moja: karti. Ninyi batoto wa leo hamujue ile mambo. Bazungu balikuwa na karti ya kupatia mweusi mwenye banasema amekwisha kuendelea. Ukiwa nayo, unaweza kuingia mulango fulani, unalala mu chumba fulani ya hospitali, mutoto yako anasoma pamoja na batoto babo. Lakini mbele ya kukupatia, banatuma komisyo ku nyumba yako. Banaingia mupaka mu chumba ya kulala. Banafunua sufuria. Banaangalia kama bibi anakula ku meza pamoja na bwana, kama anajua kushika uma, kama batoto banalala mu shuka. Mutu muzima na ndevu yake anasimama pembeni, banapima usafi wa choo yake.

Adalbert aliandika kuomba, na bakamujibu kama komisyo itafika nyuma ya Pasaka. Basi, wazimu ikamuingia. Alinunua meza, akanunua sahani za maua, akanifundisha kusalimia wageni na "enchantée" mupaka ulimi ikachoka. Na yeye mwenyewe, viatu! Adalbert alikuwa amekwisha kuapa kama miguu yake haitaguswa tena na udongo. Ku nyumba alivaa viatu, ku choo viatu, akitoka mu kitanda anatafuta pantufle, viatu ya kulalia, na vidole mbele ya kufungua macho. Nilikuwa namucheka. Nilikuwa bado napenda kumucheka.

Nyumba yetu ilikuwa ya zamani, ya mawe, chini ya mulima ya Kadutu. Muzungu moja wa barabara aliijenga mbele ya vita, kisha ikaachiwa makarani. Umeme ilikuwamo, lakini umeme ya kizee: waya mbili mbili zenye kuvalishwa kitambaa, zinatambaa ku dari kwenda ku taa, na basi. Ukiwasha taa yote pamoja, zinaanza kusinzia. Sakafu ilikuwa udongo na mawe. Adalbert akamwaga simenti, akaitia rangi nyekundu, akanipigisha magoti mu cirage nyekundu, mafuta ya kung'arisha, mupaka ukiinama unaona meno yako ndani. Ile sakafu ilikuwa muzuri, sitakuficha. Bamama ba jirani balikuja kuiangalia kutoka ku mulango tu, banaogopa kuikanyaga.

Kisha ikafika jiko. Kuko muzungu wa shamba ya chai alirudi kwabo haraka, akaacha jiko mupya mu sanduku yake ya mbao, haijaonja sufuria. Sanduku ilikaa inje, nyuma ya magazini ya kuwekea mizigo, mvua yote ya mwaka inainyeshea. Adalbert akaipata. Batu ba kubeba bakaipandisha mulima banaimba, na nyuma yao bwana yangu na kofia, kama njo yeye anaoa.

Siku ile ile akachukua babula, jiko yangu ya makala, akaipatia Eulalie, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta.

"Papa Adèle," nikamuuliza, "na kama umeme inakufa, tutakula nini?"

"Komisyo isikute makala hapa, Mama Adèle. Moshi ni ya zamani."

Adèle ni mutoto yetu wa kwanza. Alikuwa njo anaanza kutembea muzuri, ule umri yenye mutoto haombi ruhusa ku mutu. Mikono yake ilikuwa inafika ku kila kitu yenye kung'aa.

Mwenye kutufungia jiko alikuwa Mushagalusa, rafiki ya Adalbert tangu masomo, fundi wa umeme. Alikuja na mufuko ya vyombo, akaangalia zile waya za kitambaa, akapiga mudomo.

"Hizi zitaungua mara moja," akasema. "Hizi ni za taa. Jiko inataka waya yake mwenyewe, kubwa, kutoka ku compteur yenye kuhesabu umeme mupaka hapa. Na fizibile yake mwenyewe, ya kukata umeme ikizidi."

Akafanya kazi muzuri, hapana semi uongo. Alivuta waya nene ku ukuta, akaifunga na vibano, akaweka kisanduku yenye mukono ya kuzima na kuwasha, hapo ku mulango ya jikoni. Miye nilikuwa inje na Adèle, naangalia ku dirisha. Ku mwisho nikaona Mushagalusa anashika waya moja yenye kubaki, anaionyesha Adalbert, anaonyesha sakafu na kidole. Adalbert akatikisa kichwa. Bakasema kifaransa, haraka. Kisha Mushagalusa akakunja ile waya, akaizungushia kitambaa ya kunata, akaisukuma nyuma ya jiko. Niliona. Lakini mutu anajua nini juu ya waya? Nikafikiri ni mabaki.

Ile mangaribi nikapika bugali.

Ninyi munajua bugali. Bugali inapikwa chini. Unakaa ku kiti ndogo, unabana sufuria na miguu, unasonga na mugongo yote. Sasa hii jiko ilinifika ku kifua. Nikisonga, sufuria inazunguka pamoja na mwiko, inataka kuanguka. Lazima mukono moja ikamate sufuria. Nikakamata. Nyamuzinda, Mungu wangu! Kitu ikanipiga kutoka ku vidole mupaka ku kiwiko, ikanitetemesha meno. Mwiko ikaruka, bugali ikaenda ku ukuta.

Adalbert akakuja mbio. "Ni nini?"

"Inaniuma!"

"Nani?"

"Hii jiko yako! Inauma!"

Akakaribia, na viatu yake yenye kung'aa, akaweka kiganja yote juu ya chuma ya pembeni, akaiacha pale, ananiangalia. Akashika na sufuria. "Iko wapi?"

"Iko ndani."

"Bibiane." Akiniita Bibiane, si Mama Adèle, jua kama atasema maneno ya byuro. "Bibiane, hapa kuko umeme, hakuna shetani. Weye unaogopa maendeleo."

Nilikasirika mupaka machozi. Miye, kuogopa! Miye nilitoka Nyantende na mizigo ya ndizi ku kichwa nikiwa mutoto, napita mutoni ya mvua usiku. Nikasonga ile bugali yenye kubaki na kitambaa ku mukono, nikamupatia, akaikula ku meza na uma.

Kesho yake ikaniuma tena. Siku ingine ikaniacha, nikafikiri imezoea. Kisha nikafuta sakafu na maji, nikagusa mulango ya tanuri, ikanipiga kabisa, nikaketi chini bila kupenda. Kila mara namwita Adalbert, kila mara anakuja na viatu yake, anagusa, hakuna kitu. Anarudi ku gazeti yake. Nikaanza kujiuliza miye mwenyewe. Labda ni mukono yangu. Labda kuko kitu nilifanya. Asubui namufunga Adèle ku mugongo, simushushe mupaka alale. Analia, anataka kutembea, anapiga mateke ku mbavu yangu. Natoka ku jikoni kwenda ku mulango, ku mulango kwenda ku dirisha, narudi kuangalia kama jiko imezimwa, natoka, narudi tena kuangalia. Sikukaa. Hata ku misa nilikuwa nasimama mbele ya wengine.

Eulalie alinisikia ku ukuta. "Mama Adèle, ile jiko inakutaka nini? Hii yangu ya makala haijanitukana hata siku moja."

"Yako? Ile babula ni yangu!"

"Ah, basi uje uichukue, tuone Papa Adèle atasema nini."

Tukacheka. Lakini kicheko yangu ilikuwa ya mudomo tu.

Siku moja ya Mungu tulirudi ku misa, batu banangoja chakula, na miye nikaingia moja kwa moja jikoni, na viatu yangu ya misa ku miguu. Nikawasha, nikaweka sufuria, nikashika, nikasonga. Hakuna kitu. Nikagusa chuma ya pembeni. Hakuna. Nikagusa mulango ya tanuri na mukono yote. Kimya. Nikasimama pale. Kisha nikaangalia miguu yangu. Nikavua kiatu moja, nikaweka muguu ku simenti, nikagusa na kidole kimoja.

Ikaniuma.

"Papa Adèle! Kuja! Ni viatu! Inauma tu mutu mwenye hana viatu!"

Adalbert akafikiri kidogo, na nikaona uso yake inafunguka, kama mutu mwenye ametuliwa muzigo. "Basi imeisha," akasema. "Vaa viatu ukipika. Na ku siku ya komisyo ni lazima uvae hata hivyo."

"Na Adèle?"

Alikuwa amekwisha kugeuka.

Ile "basi imeisha" yake ilinikaa ku kichwa. Kwa nini hakushangaa? Mutu akisikia kama jiko yake inachagua miguu, si atauliza hata swali moja? Nikalala vibaya.

Jibu niliikuta ku soko ya Kadutu, mbele ya bamama ba mihogo. Mushagalusa alikuwa ananunua makala, yeye mwenyewe fundi wa umeme, na akanisalimia muzuri.

"Mama Adèle, jambo sana. Papa Adèle alikwisha kuvunja simenti?"

"Simenti gani?"

Nikaona anatamani kumeza maneno yake. Nikasimama mbele yake na kitunga yangu. "Mushagalusa, simenti gani? Utaniambia hapa, ao nitalia hapa, mbele ya hii soko yote."

Akaniambia. Jiko ile iko na waya tatu, akasema. Mbili ni za kazi: moja inaleta, ingine inarudisha. Ya tatu haifanye kazi yoyote, inashika tu chuma ya jiko yote na kuiteremusha mu udongo. Kama umeme inatoroka ndani, na ile jiko ilinyeshewa mvua mu sanduku yake, lazima itatoroka kidogo, basi inapita ku ile waya, inaingia mu udongo, haimuguse mutu. Nyumba zetu za zamani haziko nayo, sababu taa haziombi. "Nilimwambia: tuvunje simenti kidogo nyuma ya jiko, tuzike chuma ndefu mupaka kwenye udongo ya maji, tufunge waya pale. Ni kazi ya nusu siku. Akaniambia cirage imekwisha kuingia, kiraka itaonekana, tungoje komisyo ipite."

"Na kama ile waya haiko ku udongo?"

"Basi umeme inatafuta njia ingine ya kushuka," akasema, na akaangalia miguu yangu.

Sikununua mihogo. Nilipanda ile njia ya Kadutu kama mutu anakimbiza mwizi. Sitasema uongo: njiani nilimuchukia bwana yangu. Si juu ya jiko. Juu ya ule mukono yake juu ya chuma, anautuliza pale, ananiangalia usoni, na anajua.

"Ulijua," nikamuambia, mbele hata avue kofia.

Hakuuliza nini. "Ni siku chache, Mama Adèle. Komisyo itapita, nitavunja mwenyewe, nakuapia. Weye vaa viatu."

"Mutoto hana viatu!"

"Mutoto hapiki."

Nikamuangalia. Alikuwa mutu muzuri, Adalbert. Hajanipiga hata siku moja, na mutoto alikuwa anamubeba mbele ya batu, kitu yenye banaume bengine balikuwa banaona haya. Na alisema ile maneno mbili na sauti ya kawaida kabisa. Njo iliniogopesha kuliko jiko.

Tangu pale nikazima ile mukono ya ku mulango na sikuigusa tena. Nilipika kwa Eulalie, ku babula yangu mwenyewe, na kurudi na sufuria chini ya kikwembe yangu ya kujifunga kama mwizi. Adalbert alisikia harufu ya makala mu maharagi, lakini akaendelea kula. Nilimutoa Adèle ku mugongo. Kidogo nikapumua.

Lakini siku ya komisyo ikafika, na siku ya komisyo jiko lazima ionekane ikiwaka. Tena Adalbert alitaka kahawa iwe tayari, na gato, ile keki yenye nilifundishwa ku foyer ya bamama, masomo ya bibi ba makarani. Asubui akaiwasha mwenyewe. Nikavaa viatu yangu ya misa. Nikafuta sakafu mara ya mwisho, nikamuogesha Adèle mu beseni inje, nikamupatia Eulalie amushike ninyooshe kitambaa ya meza. Adalbert alikuwa mu chumba, anafunga kravati, anasemesha kioo kifaransa.

Na mutoto mwenye kuoga ni kama sabuni. Akamuponyoka Eulalie mu mikono. Nikasikia miguu yake midogo ku simenti, pa, pa, pa, yenye maji, na Eulalie anaita "Adèle! Adèle!" Nikageuka. Alikuwa amesimama mbele ya jiko. Mulango ya tanuri ilikuwa inang'aa, na ndani yake kulikuwa mutoto mwingine mwenye kumucheka. Akaweka mikono yote mbili.

Hakulia. Njo ile sitasahau. Alikakamaa, mudomo wazi, bila sauti, na mikono ilibaki pale kama imeshonwa. Sijui nilifika ku ile kisanduku ya mulango namna gani. Nikapiga ile mukono ya kuzima chini. Akaanguka nyuma, nikamukamata, uso yake nyeupe, hapumue, hapumue, nikampuliza ku uso, nikamupiga ku mugongo, na kisha, aksanti Mungu, akatoa ile kilio. Batu ba mulima yote balisikia. Nikamubana ku kifua, na miye nikalia naye, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko yake.

Adalbert akasimama ku mulango, kravati imeenda upande.

"Amefanya nini?"

Amefanya nini! Nikamupatia Eulalie mutoto. "Bulonza iko na baramini ku nyumba?" nikamuuliza. Bulonza ni bwana yake, alikuwa anachimba barabara, na baramini ni ile chuma ndefu ya kuvunja mawe. Eulalie akaniangalia uso, akaonyesha na kichwa nyuma ya mulango yake. Nikaenda, nikaileta, ilikuwa nzito kama mutu mulevi. Nikasukuma jiko kidogo, nikapandisha chuma na mikono mbili, nikaishusha mu ile simenti nyekundu.

Ya kwanza ikaacha alama tu. Ya pili ikapasua. Vipande vikaruka mupaka ku meza ya kitambaa nyeupe.

"Bibiane! Umekuwa wazimu! Komisyo iko njiani!"

"Ikuje!"

"Acha! Acha, nakuambia! Weye unajua nini natafuta na ile karti? Ni kwa yeye! Asome! Asiitwe na kidole kama miye!"

Nikaacha. Nilikuwa nahema, na jasho imeingia mu macho. Sauti yake ilivunjika ku ile neno ya kidole, na nikajua anasema kweli. Hiyo njo ilikuwa mubaya. Alikuwa anasema kweli.

"Vua viatu," nikamuambia.

"Nini?"

"Vua viatu, Adalbert. Na soksi. Simama pale yeye alisimama. Maji bado iko."

Nikaenda ku mulango, nikapandisha ile mukono ya umeme.

Alingoja sana. Nikafikiri atakataa, na kama angekataa, ningemubeba Adèle ile saa ile na kurudi Nyantende kwa mama yangu, na hamungenisikia hapa. Kisha akainama. Akafungua kamba, moja, ingine. Akavua soksi, akaiweka ndani ya kiatu muzuri, vile alikuwa anafanyaka siku zote. Sikuwa nimeona miguu yake muchana tangu ndoa yetu. Ilikuwa laini kama ya mugonjwa. Akaikanyagisha mu yale maji ya mutoto, akanyoosha mukono, akagusa na kiganja, vile vile alinionyesha mbele.

Ikamurusha mupaka ku ukuta. Akashika kiwiko yake. Nikazima. Hakuniangalia. Aliangalia mulango ya tanuri, pale alama za vidole vya Adèle zilikuwa bado na maji.

"Mikono yote mbili?" akauliza pole.

"Yote mbili."

Akavua koti. Akavua kravati, akaipachika ku kiti. Akachukua baramini ku mukono yangu.

Nikamutuma Eulalie kwa Mushagalusa na mutoto ku mugongo yake. Fundi akakuja mbio na chuma ndefu na nyundo, kama alikuwa anangoja kuitwa tangu Pasaka. Chini ya simenti kulikuwa mawe ya kizee, chini ya mawe udongo mweusi, baridi, yenye maji. Banaume bawili bakapiga magoti. Adalbert alichimba na mikono. Suruali yake ya komisyo ilikuwa nyekundu mu magoti, na udongo ilimufika ku viwiko, na hakuna mutu alisema neno isipokuwa "shika" na "kidogo tena". Adèle, mwenye Eulalie alinirudishia, alilala ku mugongo yangu sasa, anashtuka mu usingizi. Kila akishtuka, Adalbert anasimamisha mukono.

Njo wakati ule bakapiga hodi.

Ilikuwa komisyo: muzungu mwenye miwani, na maman muzungu wa ile foyer ya bamama, mwenye alinifundisha gato. Adalbert alikuwa ndani ya shimo mupaka ku magoti, bila koti, miguu chini. Viatu yake ilikuwa pale karibu ya meza, yenye kung'aa, hatua moja. Nikamuona anaiangalia.

"Vaa," nikamuambia na sauti ndogo. Hata miye. Hata nyuma ya yote ile, nilimuonea huruma, nikamuambia vaa.

Hakuvaa. Bakaingia. Muzungu akatembea juu ya vipande vya simenti, akaangalia shimo, akaangalia mezani, gato yenye kufunikwa vumbi. Akaangalia ile miguu mu matope.

"Nani amevunja hii sakafu?" akauliza.

Nikafungua mudomo. Ilikuwa kazi yangu, na niko tayari kuibeba.

"Ni miye," akasema Adalbert.

"Leo? Kwa nini leo?"

Bwana yangu akapangusa mikono ku suruali yake. Akajibu kifaransa, ile kifaransa yake ya byuro yenye kunyooka. Kisha akaigeuza mu kiswahili, polepole, ananiangalia miye, si bale bazungu.

"Mutoto yangu hana viatu."

Maman muzungu aliangalia mutoto ku mugongo yangu, akaangalia vile vidole vyekundu vya mukono vyenye kutoka ku kikwembe, na sijue alifahamu ao hakufahamu. Muzungu wa miwani akafunga mukoba yake. Hakufunua sufuria hata moja. Bakasema watarudi siku ingine, na hawakurudi. Karti haikufika mwaka ile, wala mwaka wa nyuma yake, na kisha indépendance, uhuru, ikakuja na hakuna mutu aliiuliza tena. Adalbert hakunilaumu hata siku moja. Miye, ku moyo, ile maneno yake mbili ya mbele, "mutoto hapiki," nilikuwa nimeiweka pahali nimurudishie siku moja. Nikaitafuta mangaribi ya ile siku ya komisyo, sikuiona tena.

Ile siku, bazungu balipokwisha kutoka, Mushagalusa akapiga ile chuma mu udongo mupaka ikabaki urefu ya kidole. Akatoa ile waya nyuma ya jiko, akafungua kitambaa ya kunata, akaifunga ku chuma na kibano, akakaza. "Tayari," akasema. "Washa, tuone."

Nikanyoosha mukono niguse. Adalbert akanizuia.

Akachukua beseni ya kuogesha mutoto, akamwaga maji yote yenye kubaki juu ya miguu yake. Akanipa ishara, nikawasha. Akaweka kiganja ku mulango ya tanuri, kisha ya pili, yote mbili, pale pale pa alama. Akafunga macho. Mushagalusa akaangalia inje. Tulingoja, tukangoja, mupaka Adèle akaamuka ku mugongo yangu na kuanza kuomba chakula.

"Leta maharagi, Mama Adèle," akasema, bila kutoa mikono.